Msuko wa Mkono wa Kushoto

Mayala alikuwa fundi fremu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwa na mazoea ya kutazama picha. Alizipima. Picha ikiingia kibandani kwake, kwenye kichochoro cha Nyamagana walikojazana mafundi saa na wachonga mihuri, aliilaza mezani kifudifudi, akanyoosha futi, akaandika urefu na upana kwenye kipande cha boksi. Harusi, kipaimara, mahafali, Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwake vyote vilikuwa vipimo.

Zaidi ya yote alizifunga fremu picha za marehemu. Watu wakifiwa hukimbilia kukuza ile picha ndogo ya kitambulisho, kisha huja mbio wakitaka fremu kabla mwili haujatolewa mochwari. Mayala alijifunza kuzifunga picha hizo bila kukutana macho na waliomo. "Ukiwatazama," alikuwa akimwambia mkewe Sabina, "hawaondoki."

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alifika mzee Natvarlal, amebeba foronya kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mzee huyu alikuwa amefanya biashara ya vitambaa Nansio, kule Ukerewe, kwa zaidi ya nusu ya umri wake, kabla ya kuhamia mjini Mwanza uzeeni. Mkewe Jasuben alifariki mwaka uliotangulia. Mayala aliinuka, akampisha kwenye benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Ishike polepole, humo ndani kuna vipande vya kioo. Imeanguka ukutani."

"Ni picha ya nini?"

"Kazi ya marehemu mke wangu. Kachora kwa rangi za maji. Usiiguse kwa mkono wenye jasho, tone moja tu inaharibika. Nataka kioo kipya, fremu ibaki ile ile."

"Kachora nini?"

"Kiti."

"Kiti tu?"

Mzee akacheka kidogo. "Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Asubuhi tatu alikuwa anachora kiti. Hakutaka mtu akikalie wala akisogeze. Nilikunywa chai nimesimama, ndani ya nyumba yangu."

Alipoondoka, Mayala alitoa misumari midogo ya nyuma ya fremu, akainua vile vipande kimoja kimoja. Unga wa kioo ulikuwa umetapakaa juu ya karatasi. Haukuwa wa kupanguswa kwa kitambaa, ungekwaruza rangi. Ilibidi achukue brashi laini na kuupeperusha nukta kwa nukta, uso ukiwa karibu kugusa karatasi. Ndivyo ilivyotokea kwamba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alilazimika kutazama picha.

Kilikuwa kiti cha kawaida kabisa, cha aina inayokuwapo kila nyumba ya kanda ile: miguu minne ya mbao, mgongo wa fito mbili, kikalio cha kamba ya katani iliyosukwa. Kilisimama peke yake juu ya sakafu ya saruji, nyuma yake ukuta mweupe. Mayala alitafuta ni wapi mama yule alipopaka rangi nyeupe, hakupata. Hakuipaka. Aliiacha karatasi yenyewe iwe ukuta, iwe na mwanga wa asubuhi unaoingia upande wa dirishani. Kivuli cha miguu ya kiti kilikuwa cha samawati iliyopauka, kimeanza kwa nguvu mguuni na kuyeyuka mbele, hata usingeweza kusema kinaishia wapi. Kamba za kikalio hakuzichora zote. Alichora chache kwa ncha ya brashi, nyingine akaliachia jicho lizimalize. Katikati palikuwa pamebonyea kidogo, na hapo rangi ya kahawia ilituama ikakolea, kama mtu alikuwa ameketi na ameinuka sasa hivi tu.

Mayala aliinua kichwa akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Akainama tena. Sasa aliona jambo lililomfanya aweke brashi chini. Mistari ya msuko ilikuwa imelala mshazari, ikipanda kuelekea kushoto.

Aliigeuza karatasi akidhani labda ameishika kinyume. Hakuwa ameishika kinyume.

Baba yao, fundi viti wa Buhongwa, aliwafundisha watoto wake wawili kusuka: kamba mbili juu, mbili chini, kila mstari ukisogea hatua moja. Ukisuka hivyo kama alivyosuka mzee, mshazari wako utapanda kwenda kulia. Mayala alisuka hivyo kabla ya kuhamia kwenye fremu. Lakini mdogo wake, Revocatus, alikuwa wa mkono wa kushoto. Alijifunza kwa kuketi mbele ya baba na kumwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na mshazari wake ukatoka umepanda kushoto. Baba alimcheka, kisha akamwacha. Juu ya hapo Revocatus alikuwa na tabia ya kuacha ncha ya kamba ya mwisho ining'inie chini ya pembe ya mbele, kama kimkia, kwa sababu alisema fundo likifichwa sana linaoza.

Chini ya pembe ya mbele ya kiti kile, kwa mguso mmoja wa brashi usiozidi urefu wa kucha, palikuwa na kimkia.

Nyuma ya karatasi, chini ya maandishi ya Kigujarati, paliandikwa kwa penseli: Nansio, Agosti 2011.

Na Revocatus alizikwa mwaka 2003. Mayala ndiye aliyemzika.

*

Ilikuwa hivi. Mwaka ule Revocatus na rafiki yake Elias walipakia viti sita vya kanisa kwenye mtumbwi, wakaondoka Igombe kuvuka kwenda Ukerewe. Upepo uliwakuta njiani. Mtumbwi ulionekana siku ya pili, umepinduka, na viti viwili vikielea karibu yake. Siku ya nne ziwa likatoa mwili mmoja.

Mama yao alikuwa hali wala halali. Familia ya Elias ilikuwa mbali, mkewe Dorcas amekwenda kwao kujifungua. Kwa hiyo aliyeitwa kutambua ni Mayala. Alipofika ufukweni alikuta mwili umelazwa juu ya turubai, uso umefunikwa gunia. Aliiona sweta ya kijani yenye mstari mweupe kifuani, sweta aliyomnunulia mdogo wake mnadani kwa mkono wake mwenyewe.

"Nifunue?" aliuliza askari.

"Usifunue," alisema Mayala. "Ni yeye."

Alitazama mara moja tu. Ila katika mtazamo ule mmoja aliona miguu, na kitu ndani yake kikasema miguu hii ni mifupi. Alikinyamazisha. Alijiambia maji humbadilisha mtu. Seremala wa jeneza alipouliza kimo, Mayala alimtajia kimo cha Revocatus bila kwenda kupima, yeye ambaye hata picha ya pasipoti hupima mara mbili. Jeneza likabaki na nafasi miguuni. Wakajaza blanketi.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Dorcas, mtoto mchanga mgongoni. Alipiga magoti mbele ya Mayala, akamsalimia, akauliza kwa sauti ya chini:

"Shemeji, una hakika huyo ni Revocatus?"

"Nina hakika."

"Basi wangu anaweza kuwa hai," akasema Dorcas. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda.

*

Siku tatu Mayala hakuweza kuifunga ile picha. Alikata kioo cha kwanza kikawa kidogo kwa nusu inchi. Cha pili kikapasuka mkononi. Wateja walikuja akawajibu ovyo. Mchana, jua linapoyachoma mawe ya mlima na kichochoro kizima kinasinzia, alikaa ameipa picha mgongo, na nyuma yake akasikia kamba za katani zikilia, mlio ule mdogo wa mtu anayenyanyuka taratibu asije akamwamsha mwenzake. Akigeuka, kiti kipo kama kilivyo, kimebonyea katikati, hakina mtu. Aliigeuza picha ikatazama ukuta. Ikawa mbaya zaidi. Akairudisha.

Alimweleza Sabina wakiwa nyumbani Buhongwa, wanakula. Kutoka pale walipokaa yalionekana makaburi ya ukoo nyuma ya ua wa minyaa: la baba, la mama aliyefariki mwaka 2012, na kando ya mama msalaba wa saruji wenye jina la Revocatus.

"Labda kilisukwa kabla hajafa," alisema Sabina. "Viti vinaishi kuliko watu."

"Nimelifikiria hilo."

"Basi muulize mzee. Utakaa unaogopa karatasi mpaka lini?"

Kesho yake alikwenda kwa Natvarlal. Mzee alikuwa barazani kwake, anasoma gazeti kwa kioo cha kukuzia.

"Mzee, kile kiti kilikuwa cha zamani?"

"Kipya! Ndiyo maana Jasu alikichora. Alisema katani ikiwa mpya ina rangi ambayo haitakaa hata mwaka. Kilisukwa wiki ile ile, na fundi mmoja pale Nansio, nyuma ya mashine ya kusaga. Wanamwita Shoto."

"Shoto."

"Mkono wa kushoto. Mtu wa maneno machache. Alileta kiti cha pili akamkuta Jasu anachora, akasimama mlangoni muda mrefu. Akamuuliza, 'Mama, hutaweka mtu juu yake?' Jasu akamwambia, 'Mtu yumo.' Basi, yule bwana aliondoka, hata chai hakunywa." Natvarlal alishusha kioo chake. "Fundi, unamfahamu?"

"Nilimzika," alisema Mayala.

Mzee alimsogezea maji ya kunywa.

*

Mayala alivuka kwa meli ya asubuhi. Safari nzima alikaa ndani, ubavu wake umegusa chuma, hakutoka kutazama maji. Alikuwa amejiandaa kuoneshwa kaburi. Miaka kumi na minne imepita tangu picha ichorwe, alijiambia, mtu hufa mara nyingi katika miaka kumi na minne. Aliposhuka Nansio aliuliza mwanamke wa kwanza aliyemkuta anauza ndizi.

"Shoto wa viti? Si yule kule, nyuma ya mashine. Fuata sauti ya mashine."

Chini ya kipaa cha mabati alikuwepo mtu amempa mgongo, kichwa cheupe, fremu ya kiti ameibana kwa magoti. Mkono wa kushoto ulivuta kamba, ukaipitisha chini, ukavuta. Miguu yake mirefu ilikuwa imejikunja pande mbili za kiti kama ya panzi. Mayala alisimama. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amelitamka jina la Revocatus kwenye misa za wafu tu.

"Karibu," alisema yule mtu bila kugeuka. "Kuna kigoda hapo, kaa. Namalizia mstari."

Alimaliza mstari. Akageuka. Kamba ikamtoka mkononi ikajikunjua yenyewe hadi chini.

Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Ni yeye aliyeanza kusema.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," ulijibu mdomo wa Mayala, peke yake, kama ulivyozoea tangu utotoni. Kisha akakikalia kile kigoda.

Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya unga, akawasalimia, wakamwitikia wote wawili kwa pamoja.

"Umejuaje?" aliuliza Revocatus.

"Picha ya mama wa Kihindi."

"Ya kiti." Alitikisa kichwa polepole. "Nilijua. Nilipoona ameuchora mpaka ule mkia, nilisema mama huyu ananitaja jina mbele ya watu. Niliogopa mwaka mzima. Kisha mwaka ukapita, na mwingine, nikaona hakuna anayetazama."

"Mimi nilikuwa sitazami," alisema Mayala.

Revocatus alieleza akiwa ameinama, akiikusanya kamba. Siku ile Elias hakutaka kuvuka. Aliona mawingu upande wa kaskazini, akasema tulale, twende kesho. "Mimi ndiye niliyemwambia ziwa ni shwari. Nilimcheka. Nilimwambia unamwogopa mkeo kuliko maji. Akacheka naye, akapanda." Mtumbwi ulipopinduka yeye alikumbatia kiti, mawimbi yakamtupa kwenye kisiwa kidogo cha wavuvi. Aliugua homa wiki tano. Alipopata nguvu alirudi Buhongwa kwa miguu kutoka ziwani, na alipofika kwenye ua wa minyaa alimwona mama yake amechuchumaa, anang'oa majani kando ya msalaba. Alisoma jina lake.

"Nikajua palepale ni Elias mmemweka mle. Na nikajua nikitoka nyuma ya ule ua, kesho Dorcas ataniuliza ni nani aliyemwambia mumewe wavuke. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kaka, niliona kufa ni rahisi. Nilikuwa nimeshakufa tayari, kilichobaki ni kuondoka tu."

"Na mama? Ulimwona mama, ukaondoka?"

Revocatus alijifuta uso kwa kiganja kile cha kushoto, kigumu kama gome.

"Aliishi miaka tisa baada ya hapo," alisema Mayala. "Amelala kando ya mtoto wa watu. Kila Jumamosi alipalilia."

"Nilisikia alipofariki. Mtu wa meli alinipa habari bila kujua ananipa habari za nani. Nilifunga kazi siku saba."

Hasira ilimpanda Mayala, ikafika kifuani, ikakutana na jambo lake mwenyewe ikarudi. Alitazama mikono yake.

"Sweta ilikuwa yako," alisema.

"Elias alitetemeka kwa baridi. Nikamvisha."

"Askari aliniuliza, nifunue? Nikamwambia usifunue." Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, hata Sabina. "Miguu niliiona ni mifupi. Niliiona, Revo. Jeneza lilibaki na nafasi, tukajaza blanketi. Nilitaka tu iishe, mama ale chakula."

Mashine ikazimwa. Katika ukimya ule zilisikika sauti za watu sokoni, na kuku.

"Dorcas aliolewa na nani?" aliuliza Revocatus.

"Hakuolewa. Aolewe vipi? Alikuja akaniuliza, nikamhakikishia mumewe hayumo kaburini. Yuko Igombe pale pale, anaanika dagaa. Anamngoja."

Hapo ndipo Revocatus alipolia, kwa namna ya kutisha, bila sauti, mdomo wazi. Miaka yote alijiambia kwamba Dorcas atakuwa ameamini ziwa limemchukua Elias, kwamba amemwachia msiba mmoja ulio wazi, wenye mwisho. Hakujua kwamba hata huo hakuachiwa.

Mayala alimwambia twende wote. Akakataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya mwanamke yule. Waliachana gatini bila kushikana mikono, ila meli ilipoanza kusogea Mayala alimwona bado amesimama pale, mrefu kuliko watu wote, hajui mikono yake aiweke wapi.

*

Hakwenda kwa Dorcas siku iliyofuata, wala ya pili yake. Alijipa sababu kwamba ana kazi ya mzee. Alikata kioo cha tatu, kikaenea sawasawa. Alitengeneza kadi nyeupe ya pembeni ili kioo kisiguse rangi, jambo ambalo Natvarlal hakuliomba. Alipoipeleka picha, mzee aliipachika ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, macho yakajaa machozi.

"Ulimpata?" aliuliza baadaye.

"Nilimpata. Yu hai."

"Jasu angefurahi."

"Bado kuna mtu mmoja wa kumwambia," alisema Mayala, na kwa kuwa ameshalisema mbele ya mzee, hakuweza tena kuliahirisha. Alichukua bodaboda moja kwa moja hadi Igombe.

Dorcas alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu zilizotandazwa. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya matanga, Winnie, sasa alikuwa mwanamke mwenye mtoto wake, anaishi Geita. Dorcas alimkaribisha Mayala kwa heshima, akampa kiti, lakini mgeni hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakupunguza. Alimweleza sweta, gunia la usoni, miguu, blanketi. Alimweleza Nansio.

Dorcas alisikiliza hadi mwisho, dagaa zikimvuja kati ya vidole.

"Kwa hiyo hukumtazama," alisema.

"Sikumtazama, Mama Winnie."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nikakujibu uongo bila kujua, ila ningetaka kujua ningejua."

Mwanamke yule aligeuka akatazama ziwa, akalitazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama jirani aliyemficha siri. "Kila mtumbwi ulipoegeshwa hapa nilihesabu vichwa," alisema. "Mpaka juzi nimehesabu. Watoto wa hapa wanadhani ni ugonjwa." Akanawa mikono kwenye ndoo. Akaingia ndani. Mayala alibaki amesimama, hajui kama amefukuzwa. Baada ya kitambo Dorcas alitoka amevaa gauni jeusi na viatu vya kanisani.

"Nipeleke."

Buhongwa, Sabina alitaka kumsindikiza hadi kaburini, Dorcas akamwomba abaki. Alikwenda peke yake hadi kwenye msalaba wenye jina la mtu mwingine, akaketi chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani akiwa amechoka. Kisha akaanza kusema kwa Kisukuma. Mayala alisogea mbali ili asisikie, lakini upepo ulimletea. Alikuwa anampa Elias habari. Winnie ameolewa, mume ni mpole. Paa tuliezeka bati mwaka ule wa mvua nyingi. Mama yako alinisamehe kabla hajafa. Alisema hivyo mpaka jua likageuka, habari za miaka ishirini na miwili, bila kulia hata mara moja.

Alipoinuka alipangusa gauni, akamwendea Mayala.

"Mwambie ndugu yako aje. Sitamtukana. Nataka aniambie walikuwa wanazungumza nini mle mtumbwini. Hilo peke yake ndilo lililobaki, na analo yeye."

Mayala alimpigia simu Revocatus jioni ile, akampa ujumbe kama alivyopewa. Sauti ya upande wa pili ikasema, "Tulikuwa tunamzungumzia yeye. Elias alikuwa ananihadithia siku alipokwenda kuposa, akaangukia—"

"Usiniambie mimi," alisema Mayala. "Vuka umwambie mwenyewe."

Revocatus alivuka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mayala alimpokea bandarini, wakaenda hadi Igombe. Dorcas alikuwa ametandika jamvi chini ya upenu. Revocatus alipiga magoti kwenye mchanga kabla ya kufika kwenye jamvi, na Dorcas akamwacha pale kwa muda kabla ya kumwambia ainuke. Mayala alikwenda kukaa kwenye mitumbwi, mahali ambapo angeweza kuwaona asiwasikie. Waliongea kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Aliuona mkono wa kushoto wa mdogo wake ukionesha mawingu, ukionesha wimbi, ukishuka. Alimwona Dorcas amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Na mara moja, kitambo kirefu baada ya hapo, alimwona akicheka, kiganja mdomoni, jinsi wanawake wanavyocheka wakikumbushwa kituko cha mume.